Wasimamizi Wakuu Watatu wa Ndiva

Hapo zamani za kale, wanangu, wanyama walipokuwa wakilima, wakipika na kusingizia mgongo siku ya kazi kama sisi, palikuwa na Pimbi mjane na wanawe watatu. Waliishi kwenye majabali ya mlimani, nyumba aliyoachiwa na bibi yake.

Chini ya majabali palikuwa na ndiva, bwawa la kukinga maji ya mlimani. Ndiva ilikuwa imejaa matope, na mvua zilibakiza siku kumi. Isipochimbwa, maji yangepita bure, na Pimbi angelazimika kuhamia bondeni. Huko bondeni tai humla pimbi kabla hajatandika kitanda.

Pimbi akakaza kanga, akaenda kichuguuni kwa Bi Mchwa, aliyesifika kwa kuongoza kazi za wengi.

"Shikamoo, shangazi. Nataka kuitisha msaragambo."

"Marahaba. Hiyo kazi ya wote mliitisha mwaka jana pia. Mlikwama wapi?"

"Wote walikuja, shangazi. Tembo alikuja na fimbo ya usimamizi. Nyati na fimbo, Kifaru na fimbo. Jua likazama wakibishana nani mkuu. Waliokuja na majembe ni mimi na wanangu tu."

Bi Mchwa akacheka hadi udongo ukamdondoka.

"Basi si wavivu hao. Ni wakubwa tu. Sikiliza. Pima vipande vya kazi mapema, kila mmoja aone pake. Injika makande kabla ya kupiga baragumu, harufu iwavute. Na msimamizi mkuu, kwetu hapa, hupiga jembe la kwanza na kuweka lake chini la mwisho. Asiyeweza hayo tunamwita mtazamaji."

Masharubu yakaanza kumcheza Pimbi.

"Shangazi, hiyo desturi ya mwisho naomba niiazime."

Asubuhi akabisha kwa Tembo. "Hodi, Mzee. Tunatafuta msimamizi mkuu wa ndiva, nami nimekuja kwako."

Tembo akatanua masikio. "Mmechelewa kuniona."

"Desturi ni moja tu. Mkuu hupiga jembe la kwanza, na lake ndilo la mwisho kuwekwa chini."

"Jembe? Mimi?"

"Ukiona ni zito, Mzee, niambie tu nisikusumbue."

"Nani kasema ni zito? Nitakuja nalo."

Pimbi akatoka hapo, akaenda kwa Nyati na maneno yale yale. Nyati akavimba shingo, akakubali kabla sentensi haijaisha. Kifaru ndiye aliyeuliza, "Na wengine umewaambia nini?"

"Bwana Kifaru, kama ningekuwa na shaka nawe, ningepanda kilima chote hiki kuja kwako?"

Kifaru akaona ni kweli, kilima ni kirefu. Akaanza kunoa jembe.

Siku ya tatu Pimbi akapima vipande kwa kamba na vijiti. Alfajiri ya siku ya nne akainjika makande, ndipo akapuliza baragumu. Puuuu!

Wakaja wote watatu na majembe. Wakatazamana.

"Nimekuja kusimamia," akasema Tembo.

"Kusimamia nini? Mkuu ni mimi," akasema Nyati.

"Pimbi alikuja kwangu," akanguruma Kifaru.

Wote wakamgeukia Pimbi. Ukwato mmoja tu ungetosha kummaliza. Lakini akasimama wima na mwiko wake mkononi.

"Nilikwenda kwenu wote, wazee wangu, na sikumficha mtu desturi. Mkuu tutamjua kwa jembe la mwisho. Anayeona hatafika huko, kuna kivuli pale. Akae na watoto."

Hakuna aliyekwenda kivulini. Tifu! Tifu! Tifu! Udongo ukaruka. Adhuhuri Nyati akamtupia Tembo jicho.

"Mgongo unauma, Mzee?"

"Mgongo gani?" akajibu Tembo, akihema.

Wakachimba, kila mmoja akisikiliza jembe la mwenzake. Walipomaliza vipande vyao wakachimba mfereji, kisha wakashindilia ukingo. Jioni hapakubaki hata tope la kuchimba. Ndipo majembe yakaanguka kwa pamoja, tii! Na wenyewe wakaanguka juu yake.

Pimbi akawapakulia makande. Tembo alipofika nusu ya bakuli akaacha kutafuna.

"Pimbi, umetufanya wajinga."

"Nimewafanya wenye maji, Mzee. Itazame."

Tembo akatazama. Ndiva ilikuwa pana na safi, ukingo umenyooka. Akaunyooshea mkonga, akasema, "Lakini ukingo ule ni wangu."

"Na mfereji ni wangu," akasema Nyati.

"Bila kina changu mngekuwa na sufuria tu," akasema Kifaru. Hakuna aliyeuliza tena habari za ukuu.

Mvua zikanyesha, ndiva ikafurika. Pimbi akakaa mlangoni mwa nyumba aliyoachiwa na bibi yake, akayatazama maji, na fahari ikamjaa mpaka machozi yakamtoka. Mwanawe mdogo akamvuta kanga.

"Mama, kumbe mkuu alikuwa nani?"

"Ulimwona nani hajaweka kitu chini siku nzima?"

Mtoto akafikiri. "Wewe. Mwiko."

"Basi usimwambie Tembo."

Hadithi yangu imekwisha, na maji yake mnayanywa: mwenye nguvu ukimwomba jasho hukupa sababu, ukimpa heshima hukupa jasho.