Mwonjaji wa Maboga

Maboga mapya yalipoiva, Mwakidudu, mwenyekiti wa ushirika wa chakula, alitangaza kuwa hakuna chungu kitakachopakuliwa kabla yeye hajaonja. Na kuonja kwake kulikuwa balaa: alikomba mpaka ukoko.

Zamu ya Bi Nyamvula ilipofika, alimlaki kwa bashasha.

"Karibu, Mwenyekiti! Boga la nazi, na upawa mkubwa nimekutafutia."

"Huyu ndiye mwanachama!" Mwakidudu alikunja mikono ya kanzu, akaushika upawa.

"Nimekuitia na mtu wa kula naye. Yuko jikoni."

"Aje! Ila asinicheleweshe, sina adabu mbele ya boga."

"Mama, toka! Mkweo ana njaa!"

Akatokea mama mkwe wa Mwakidudu, ambaye kwa heshima ya ukwe hakuthubutu hata kutafuna mbele yake. Mwakidudu alitupa upawa, akajifunika uso kwa kofia, akatoka mbio.

"Mwenyekiti!" Bi Nyamvula alimwita, huku akipakua. "Mbona hujaonja?"