Sufuria Iliyofungwa kwa Unga

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya wafalme na majini, ni mwaka juzi tu, simu zipo na kazi hazipo, palikuwa na binti wa Tabora aitwaye Nyamizi. Alikuwa na digrii ya lishe na alikuwa na njaa, na vitu hivyo viwili vilikaa naye nyumba moja miaka mitatu. Halafu alikuwa na siliaki. Ndivyo daktari alivyoiita. Maana yake utumbo wake haupatani na ngano. Si chapati tu, hata vumbi la unga lililobaki kwenye kijiko. Likimwingia, siku tatu ni choo na kitanda, kitanda na choo.

Mtu wa namna hiyo akisafiri, pole yake. Nchi yetu asubuhi ni maandazi, mchana chapati, na ukikataa wanasema unaringa.

Basi akaitwa usaili Iringa. Chuo cha uuguzi kinatafuta msimamizi wa jiko. Nafasi moja, waombaji mia nne, experience miaka mitano, kana kwamba experience inauzwa dukani karibu na chumvi. Nyamizi akapika maharage yake, akayabeba kwenye kopo, akapanda basi alfajiri. Kufungua kopo adhuhuri, yamechacha.

Basi likasimama Mkumbizi, nusu saa, kwenye hoteli ya njiani. Usaili ni kesho saa mbili asubuhi. Akila vibaya, kazi imekwenda. Asipokula kabisa, ataanguka mbele ya wasaili, maana tumbo lake lilikuwa tupu tangu jana.

Akaja mhudumu na trei. Kibwana jina lake, digrii ya historia, ulimi wa wembe.

"Karibu, sista. Chapati maharage, chapati nyama, chapati kavu."

"Kuna kisicho na ngano?"

"Yapo maji."

"Kaka, ni ugonjwa. Nikila ngano naumwa."

"Wewe unaumwa ngano, mimi naumwa degree. First class, na nabeba trei. Kila mtu na ugonjwa wake, my dear."

Mpishi akasikia kutoka jikoni. Mama Siwatu, mtu wa Pangani, mikono mipana. Akatoka. "Muache, Kibwana. Mwanangu, nieleze, usile nini?"

Nyamizi akaeleza. Mama Siwatu akachukua sufuria, akaisugua kwa majivu mara tatu. Akafungua mchele mpya.

"Kuna ngano, mama?"

"Hamna."

Akafungua mafuta mapya. "Kuna ngano?"

"Hamna."

Akachukua mwiko usiowahi kutumika. "Kuna ngano?"

"Hamna, mwanangu. Nenda kakae."

Nyamizi akaenda kukaa. Na Mama Siwatu, ili wali uive kabla ya honi, akafanya kama bibi yake alivyomfundisha: akachukua donge la unga wa chapati, akalizungusha kwenye ukingo wa kifuniko mvuke usitoke, akapalia makaa juu. Nyamizi hakuona. Kibwana aliona. Akanyamaza. Alijisemea, anayeringa na ajifunze.

Wali ukaiva. Kifuniko kikabanduliwa, vipande vya unga vikadondokea ndani, vyeupe juu ya wali mweupe.

"Kuna ngano, mama?"

"Hamna hata chembe, wallahi."

Wala hakudanganya. Kwake ule haukuwa unga wa kuliwa. Ulikuwa udongo wa kuziba sufuria.

Nyamizi akafinyanga tonge, akalipeleka mdomoni. Pa, mkono umepigwa, sahani chini, wali umetapakaa. Ni Kibwana.

"Usile. Kifuniko kimezibwa kwa unga."

"Umejuaje?"

"Nimeona."

"Umeona saa ngapi?"

Kibwana akaangalia viatu vyake. "Tangu mwanzo."

Mama Siwatu akashika kichwa. Mwenye hoteli akainuka kaunta. Hakuuliza kisa. "Unavunja vyombo mbele ya wateja? Vua aproni." Kibwana akavua, akaiweka mezani, akatoka.

Honi ikalia. Nyamizi akatoka analia, na hakuwa mtu wa kulia. Nje alikaa Bi Tunu, mchuuzi wa mihogo ya kuchemsha. Beseni lake lilikuwa tupu, amemaliza kuuza. Kando yake kibakuli kimefunikwa kwa upande wa kanga.

"Unalia nini, mwanangu?"

"Njaa, bibi."

Akafunua kibakuli.

"Kuna ngano?"

"Ngano niipate wapi mie? Mhogo, chumvi, maji. Kisu changu hakijawahi kuonana na mkate."

"Si ndicho chakula chako hiki?"

"Kilikuwa changu."

Dereva akatia gia. Bi Tunu akanyanyua beseni, akalipindua mbele ya gurudumu, akalikalia.

"Bi mkubwa, tupishe."

"Niende wapi? Mtoto anakula."

Abiria wakapiga kelele, dereva akatukana kwa kilugha chake, Bi Tunu akamjibu kwa hichohicho. Nyamizi akala mpaka kipande cha mwisho. Akafika Iringa, akalala vizuri, kesho yake akajibu maswali yote. Wenzake wote wakabaki na barua zao. Yeye akapewa kazi.

Mkuu wa chuo akamwambia, "Utahitaji msaidizi mmoja. Mchague mwenyewe. Jumatatu niletee jina."

Akirudi Iringa na mizigo yake kutoka Tabora, akashuka Mkumbizi. Kibwana alikuwa akibeba mabegi ya abiria. Nyamizi akawaita wote watatu, akawaambia ukweli. Mmoja tu, na kazi yenyewe ni kupika na kusoma maandishi ya mapakiti.

Mama Siwatu akasema, "Ni mimi. Watu wote walikuona unaringa, mimi nilikuona mgonjwa. Nilikosea, sikatai. Lakini leo nina sufuria yangu ya watu kama wewe, na kifuniko nakiziba kwa kitambaa kibichi. Nani mwingine hapa anajua kupika?"

Kibwana akasema, "Ni mimi. Nilinyamaza, ndiyo, roho mbaya ilinishika. But mwisho nilisema, na nilijua kusema kutanigharimu. Angenyamaza mwingine mpaka leo, ungekuwa ofisini? Na sisi watatu hapa, mwenye kazi ni nani, asiye na kazi ni nani?"

Bi Tunu akasema, "Mmoja alikupa unga, mmoja alikunyima wali. Aliyekushibisha ni mimi, nikalala na njaa. Mnasema jikoni kwenu kuna maandishi ya kusoma kwenye mapakiti. Kusoma nitafundishwa. Kumwona mwenye njaa, hilo nani atawafundisha hao?"

Nyamizi akawatazama. Aliyemhurumia nusura amlaze kitandani. Aliyemdharau ndiye aliyemwokoa. Aliyemlisha hakuwa na habari ya ugonjwa wake. Karatasi ya mkuu ilikuwa na mstari mmoja, kalamu iko mkononi, na Jumatatu ni kesho.

Haya, nyie mnaojua kuhukumu watu kwa kuangalia CV tu, semeni. Kwenye mstari ule, lilistahili kuandikwa jina la nani?