Yule wa Mwisho Mwacheni Atembee

Haya, wa nyuma huko nyamazeni. Nina kesi hapa imenishinda kukata, na mimi si mtu wa kushindwa ovyo. Nawaletea nyinyi, mtoto kwa mkubwa, mnisaidie.

Walikuwako vijana watatu wa mtaa wa Kuze, Mombasa, enzi za ukumbi wa michezo ya sarafu. Mwaikumbuka? Watia sarafu kwenye sanduku lenye kioo, majini ya angani yanashuka safu kwa safu, nawe huko chini una kigari chako, wayapiga risasi kabla hayajakufikia. Twaha alikuwa na sikio: sauti akiisikia mara moja, hata ya bawaba ya mlango, atakuigizia mpaka ugeuke. Badi alikuwa na jicho: kitu akikitazama leo, mwakani atakichora na doa lake. Lali alikuwa na subira. Mjomba wake alimletea kutoka Arabuni kompyuta ndogo ya nyumbani, ile ya kuchomeka kwenye televisheni, naye akajifundisha kuiandikia amri, herufi kwa herufi, mpaka ikamtii.

Wa nne wao alikuwa Shekue, na kipawa chake kilikuwa kucheza. Akishika sanduku, wenzake waliacha yao wakaja kutazama. Ila alikuwa na kituko. Akishayamaliza majini yote, lile la mwisho halipigi. Analiacha liende kushoto, lirudi kulia, mbio mbio, na ngoma ya mchezo inadunda haraka haraka.

"Piga, bwana!" wanampigia kelele.

"Mwacheni atembee," anacheka. "Hana mwenzake tena huyo."

Mamake, Bi Mwanakombo, mshonaji wa kofia za vito, zile za kutarizi tundu ndogo ndogo kwa sindano, alilichukia sanduku lile bila kuliona. Siku moja alimtuma Shekue chumvi, Shekue akarudi hana chumvi wala sarafu. Hasira zikampanda mama, akatamka neno ambalo ulimi ungekatika afadhali. "Nenda kakae na sanduku lako. Mimi sina mtoto."

Shekue akaenda kulala kwao Lali. Huko homa ikamshika, homa ya mvua za masika, isiyompa mtu nafasi. Bi Mwanakombo alipofika mbio, hata viatu hana, alikuta mwanawe ameshafunikwa shuka.

Tangu hapo hakusema. Wallahi, si salamu, si kilio. Kofia aliyokuwa akimshonea Shekue ya Idi aliiweka kando, na sindano humo humo. Sisi majirani tulimlisha kwa kijiko kama mtoto, na alikuwa akiisha mbele ya macho yetu. Mimi nilikuwa nikitoka pale naenda kulia kwangu.

Ukumbi nao ukafungwa, masanduku yakachukuliwa. Ndipo Badi akawaambia wenzake, "Mama hajaona hata siku moja alichokipenda mwanawe. Tumtengenezee mchezo ule ule kwenye kompyuta ya Lali, tumwonyeshe."

Badi akachora. Alitumia karatasi ya vijumba, ile ya hesabu, akajaza kijumba hiki, akaacha kile, mpaka kila jini likasimama na pembe zake. Yeye ndiye aliyekumbuka wapi linageuka, na vipi la mwisho linavyoshikwa na wazimu wa mbio.

Lali akaandika. Kosa la alama moja tu na kila kitu kinaganda, aanze kutafuta upya. Vidole vilimvimba. Umeme ulikuwa ukikatika kabla hajahifadhi kwenye kaseti, kazi yote inapotea, naye anashusha pumzi anaanza tena.

Twaha akatafuta ngoma. Kompyuta ile ilijua kulia kama mbu ndani ya kopo, basi. Akakaa nayo, akishusha sauti, akikata, akirefusha, Lali akimwandikia amri zake, mpaka ikadunda vile vile: du, du, du, du.

Wakaibeba hadi nyumbani kwa Bi Mwanakombo, wakaichomeka kwenye televisheni yake. Mwenyewe yuko jikoni, ameuelekea ukuta. Kaseti ikakwaruza weee, mwishowe mchezo ukatokea. Lo! Rangi mbili tu. Majini madogo kama sisimizi. Badi akaona haya. "Huu sio ule," akanong'ona.

Lali akacheza hata hivyo, akayapiga yote, likabaki moja. Alipotaka kulimaliza, Badi akamdaka mkono. "Mwache atembee."

Ngoma ikashika mbio. Du-du-du-du. Jikoni sinia likaanguka, na Bi Mwanakombo akatoka anakimbia.

"Shekue! Mara ngapi nimekukataza kunigongea meza?"

Kumbe mtoto yule kila akikaa kula alikuwa akiigonga ngoma ile mezani kwa vidole, na mamake akimgombeza, asijue imetoka wapi. Akasimama mlangoni. Akawaona watatu. Wa nne hakumwona. Hapo ndipo alipolia, kilio chote alichokuwa amekizuia.

Alipotulia akakaa karibu na kioo. "Ndicho alichokuwa akikifanya?"

"Ndicho, Mama," Lali akajibu.

"Na hicho kigari kikipigwa?"

"Kinarudi. Kina roho tatu."

Bi Mwanakombo akakitazama. "Wangu alipewa moja," akasema, "na mimi nikaifukuza."



Basi akaanza kula, akaanza kusema. Akaichukua kofia, akaimaliza, tundu kwa tundu. Kisha akawaita. "Macho yangu hayatashona nyingine, wanangu. Hii ni ya aliyenirudishia Shekue, hata kama ni kwa kupepesa jicho. Nambieni ni nani."

Laiti asingeuliza! Twaha akasema, "Alikuwa jikoni. Hakuona mchoro, hakuona amri. Alisikia." Badi akasema, "Angesikia nini, kama jini lingepigwa? Nani alikumbuka, nani alimdaka Lali mkono?" Lali naye akasema, "Nyinyi mlikuwa na kumbukumbu. Mimi ndiye niliyezipa pa kukaa. Na Shekue alinifia mikononi." Maneno yakazaa maneno. Lali akaondoka na kompyuta yake, na leo watatu hao wakikutana njiani kila mmoja anatazama upande wake.

Kofia iko juu ya televisheni, imefunikwa leso. Jana nilimpelekea Bi Mwanakombo mchuzi, nikamkuta peke yake, anagonga meza kwa vidole, haraka haraka. Anagonga, anaacha, anasikiliza mlangoni kama kuna atakayeingia.

Haya, kofia ni moja, na kichwa ilichoshonewa kiko mchangani. Ingekuwa mikononi mwako wewe, ungemvika nani?