Viunza Juu ya Banda la Kuni

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye Mjuzi wa yote yaliyopita, kwamba katika mji mdogo wa milimani huko Shamu aliishi mtu akiitwa Ghiyathi bin Hilali, fundi wa kushona matandiko ya farasi, pamoja na mkewe Bi Lubaba. Hawakujaaliwa mtoto. Watu wa mji walimwamini Ghiyathi hata wakamkabidhi ufunguo wa ghala la wakfu lililokuwa nyuma ya msikiti. Ndani yake hamkuwa na dhahabu wala nafaka. Mlikuwa na viunza, yaani zile mbao za kuzibia mwanandani, shimo la ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti, ili udongo usimwangukie. Ardhi ya mlima ule ilikuwa ya kokoto, ikimomonyoka ovyo, na bila mbao hakuna aliyezikwa akasitirika. Nazo mbao zilipandishwa kutoka bondeni wakati wa kiangazi tu, maana theluji ikianguka njia ilifungwa.

Bi Lubaba alikuwa mgonjwa wa kifua. Nataka hili mlishike, kwa sababu kisa chote kinasimama hapo. Kuni kavu zikiwaka, alipumua na kulala kama watu wengine. Kuni zikiwa zimeloa, moshi wake ulimkaba, akakohoa hadi kitambaa kikawa chekundu. Tabibu mmoja mpita njia alikuwa amemwambia Ghiyathi waziwazi, "Mtunzie joto, umwepushe na moshi. Dawa nyingine sina."

Mwaka ule banda lao la zamani la kuni lilikuwa limeangushwa na uzito wa theluji. Ghiyathi akajenga jingine uani. Alisimamisha nguzo, akapandisha kuta za mawe na udongo pande tatu, akaacha upande mmoja wazi ili upepo upite kati ya magogo. Kuni akazipanga vizuri, nene chini na nyembamba juu. Likabaki paa, na matete ya kuezekea alikuwa ameyaagiza bondeni. Mvua ikawahi kuliko matete. Ilikuja kabla ya wakati wake, imechanganyika na theluji, na njia ikafungwa.

Alifunika kuni kwa matandiko yake ya kazi, upepo ukayatupa kwa jirani. Ndani mkewe alikuwa akikohoa. Ghiyathi akautazama ufunguo uliotundikwa ukutani. "Zile mbao naziazima tu," akajiambia. "Mji mzima hauna mgonjwa. Matete yakifika nitazirudisha, na wafu hawana haraka."

Tazameni, enyi ndugu, jinsi mtu mwema anavyopotea. Mwizi hulijua jina la kazi yake, lakini huyu alikuwa ameshaipa yake jina zuri. Alizibeba mbao zote, akazipigilia misumari juu ya banda, na mvua ikapiga juu yake bila kupenya.

Siku zilizofuata zilikuwa njema. Moto uliwaka safi, Bi Lubaba akaketi, akaomba uji, akachana nywele zake mwenyewe. Ghiyathi alimtazama akafurahi kama mtoto, na kila alipopita uani aliinamisha macho asilione lile paa.

Kisha akafa mchunga mbuzi mmoja, mzee Barakati, ambaye hakuwa na ndugu wala nyumba. Walimkuta zizini asubuhi. Imamu wa msikiti, Shekhe Mundhiri, akaja mwenyewe mlangoni kwa Ghiyathi.

"Tumeshamwosha," akasema. "Tunangoja viunza."

Ghiyathi akafungua kinywa aseme kwamba ghala limevuja na mbao zimeoza. Maneno yalikuwa yamekwisha kumjia, yamepangika vizuri. Akayameza. "Nipe muda kidogo, Shekhe," akasema, akaufunga mlango.

Bi Lubaba alikuwa amesikia. "Bwana wangu," akasema, "mbao za banda letu ulizitoa wapi?"

Akamwambia.

Bi Lubaba akaiondoa mikono yake juu ya moto. "Kazing'oe," akasema.

"Kuni zitaloa."

"Zitaloa."

"Na wewe je, Lubaba?"

"Mimi nina kitanda, na ninaye wewe. Yule mzee hana mtu. Alichobakiwa nacho duniani ni zile mbao, nasi tumezikalia."

Hapo Ghiyathi akalia, akasema lile alilokuwa amelificha hata nafsini mwake. "Nilisema mjini hakuna mgonjwa. Mgonjwa alikuwepo, nami namjua. Niliona heri mbao zile zifunike kuni zako kuliko zikufunike wewe."

"Kumbe ulijua ni za nani," akasema Bi Lubaba kwa upole. "Basi zirudishe zote. Usipeleke za Barakati peke yake ukabakiza nyingine."

Akatoka. Theluji ilikuwa ikianguka na maji. Aling'oa mbao moja baada ya nyingine, misumari ikilia, na kila alipoondoa ubao aliona mvua ikiingia juu ya kuni alizozipanga kwa mikono yake. Alizibeba hadi msikitini, akasimama mbele ya watu, akasema, "Hizi ni amana yenu. Nilizichukua bila idhini nikaezekea banda langu." Wapo waliomkaripia, na mmoja alimtemea mate miguuni. Shekhe Mundhiri aliuchukua ule ufunguo kutoka mkononi mwa Ghiyathi, wakaenda kumzika Barakati.

Najua mtauliza majirani walikuwa wapi. Walikuwepo, Mwenyezi Mungu awarehemu. Baada ya hasira kupoa walileta kila mmoja alichoweza, huyu magogo mawili, yule kikapu cha vijiti. Lakini mvua ile iliwawahi wote, na kila nyumba ilikuwa na watoto wake wa kuwapa joto. Kuni kavu zikaisha. Ghiyathi akaziegemeza zilizoloa ukutani karibu na moto, akazichanja nyembamba, akazipuliza hadi macho yakavimba. Moshi ukajaa. Akizima moto, baridi ilimtesa mkewe. Akiuwasha, moshi ulimtesa. Alisali, akaomba, akangoja, na mbingu haikubadilika rangi.

Bi Lubaba alifariki kabla njia haijafunguka. Neno lake la mwisho kwa mumewe, baada ya shahada, lilikuwa, "Usiichukie mvua."

Walipofika makaburini, Shekhe Mundhiri alileta mbao kutoka ghalani. Zilikuwa zilezile, kwa kuwa nyingine hazikuwepo. Ghiyathi akashuka kaburini, akamlaza mkewe mwanandani, akapokea ubao wa kwanza. Akaona mwanga ukipenya kwenye tundu za misumari aliyoipigilia kwa mkono wake. Akafinyanga udongo, akaanza kuziba tundu kwa kidole gumba, moja moja. Mvua ilikuwa ikinyesha. Mtu mmoja juu akasema, "Fanya haraka, Ghiyathi, hizo tundu ni ndogo."

"Udongo usije ukamwangukia usoni," akajibu, akaendelea.

Wapo wanaopenda visa ambavyo mwishoni mvua hukatika na mgonjwa huinuka. Nawaomba radhi, maana hivi ndivyo nilivyokipokea. Matete yalifika kiangazi. Ghiyathi akaliezeka lile banda, akalijaza kuni, zikakauka vizuri sana, na hakuwa na wa kumwashia moto. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akiwagawia wenye wagonjwa kuni zile, na watu wanasema hakuonekana akicheka.

Uzeeni kwake, Shekhe Mundhiri alimuuliza kama Mwenyezi Mungu alimfidia kwa subira yake.

"Sijui," akasema Ghiyathi. "Ya Mola wangu siyajui. Lakini mbao zile ningezibakiza bandani, zingemfika Lubaba zikiwa mali ya wizi. Zilimfika kwa haki yake, kama zilivyomfika Barakati. Tundu tu ndizo zilizokuwa zangu."

Mwenyezi Mungu awarehemu mume na mke wale. Nasi, tunapokabidhiwa kilicho cha wengine, atupe nguvu ya kukirudisha hata kama mvua inanyesha.