Bi Nguchiro na Kibuyu cha Fisi

Paukwa!

Pakawa!

Kaeni vizuri. Simu chini.

Ziko chini.

Zote?

Zote, mama.

Na ile iliyo chini ya mto?

...

Haya, ileteni hapa. Sasa tunaweza kwenda.

Hapo kale, na kale yenyewe si mbali sana, palikuwa na mjane mmoja akiitwa Bi Nguchiro, mnyama mdogo wa kukaa kwenye kichuguu. Alikuwa na watoto wawili. Mkubwa ni Pandu, ambaye sauti yake ndiyo kwanza inaanza kuwa nzito. Mdogo ni binti, Tunu, bado hajaota meno yote. Asubuhi Bi Nguchiro alitafuta mayai. Mchana alitafuta mayai. Akirudi aliyachambua, kwa maana kanga wa porini hutaga na kusahau, na yai lililosahauliwa huwa viza.

Katika msitu huo waliokaa, aliishi pia Fisi. Alikuwa na taya la kuvunja mfupa wa nyati na tumbo lisilojua kushiba, lakini alikuwa amechoka kuwinda. Basi akachukua kibuyu, akakitoboa matundu pande zote, akamtia ndani kimulimuli. Akakaa nacho pangoni kwake, mahali penye giza mchana kutwa. Akikitikisa, kibuyu kinalia kiri-kiri-kiri, mwanga unatokea tundu hili, unatokea tundu lile, halafu unatulia, tii!

"Njoo, mpwa wangu," aliwaambia vijana waliopita. "Chagua tundu. Mwanga ukitulia hapo, mnofu ni wako. Onja tu. Mara ya kwanza ni bure."

Kijana anachagua. Kiri-kiri-kiri, tii! Tundu la jirani. Karibu kabisa! Basi moja tu tena. Kiri-kiri-kiri, tii! Karibu! Moja tu tena.

Fisi hakuiba hata mara moja. Hakuwa na haja. Aliyeshinda hakuondoka, kwa sababu alikuwa anashinda. Aliyeshindwa hakuondoka, kwa sababu alikuwa ameshindwa. Vijana walileta mayai ya kwao, wakaleta asali ya kwao, na vya kwao vilipokwisha wakaweka rehani mikia yao. Mwana wa Ngedere alirudi nyumbani hana mkia, akawa anaanguka mitini kama fenesi bovu. Ile mikia Fisi aliifunga kiunoni kama mshipi.

Pandu naye alikuwa huko. Bi Nguchiro aliona dalili. Macho mekundu. Chakula anakitazama tu. Akilala, vidole vyake vinatafuta matundu kwenye mkeka. Na mayai kikapuni yanapungua.

"Pandu, unashinda wapi?"

"Kwa mjomba."

"Mjomba yupi?"

"Mjomba Fisi."

"Tangu lini nguchiro akawa na mjomba fisi? Ukoo wangu naujua wote, hata wale ambao nisingependa kuwajua."

"Mama nawe! Ni mchezo tu."

Mama alimkataza. Pandu akaapa, na kesho yake akaenda. Mama alimchapa. Pandu akalia, na kesho yake akaenda. Mama alimbembeleza. Wakalia wote wawili, na kesho yake akaenda.

Siku moja, jua likiwa utosini, Bi Nguchiro alikuwa mlangoni na kikapu chake na chungu cha maji, anachambua. Yai zima linazama, chubwi! Yai viza linaelea juu, linazungukazunguka. Tunu alikuwa kando yake, anacheza na maganda. Mara wakasikia:

"Hodi hapa!"

"Karibu," alijibu kabla hajainua kichwa, na alipokiinua akatamani angekuwa bubu. Alikuwa Fisi, na mikia yake kiunoni, na kibuyu chake kwapani.

"Nimekuja kuchukua changu, bi mkubwa. Yule mdogo pale."

"Chako? Huyu nilimzaa mimi, na sikumbuki kukuona siku ile."

"Muulize kaka yake."

Pandu alikuwa amesimama nyuma ya Fisi, kichwa chini.

"Mama, ilikuwa karibu. Ilikosa tundu moja tu. Ningeshinda ile, ningerudisha mayai yote. Yote, mama."

"Ulimweka Tunu rehani?"

Pandu akajificha nyuma ya mgongo wa Fisi. Tunu, aliposikia jina lake, alimchekea kaka yake na kumwonyesha ganda.

Sheria ya msitu ule ilikuwa moja: kilichowekwa rehani kwa kinywa, huchukuliwa. Na hata kama sheria isingekuwapo, taya la Fisi lilikuwapo. Bi Nguchiro hakulia. Kulia angelia baadaye, akipata nafasi.

"Sawa," alisema. "Neno likitoka halirudi. Lakini kwangu mgeni haondoki na tumbo tupu. Majirani watanisema. Kaa kitako, ule kwanza."

Fisi akakaa. Kwenye chakula hakuwahi kuwa na ubishi.

"Una nini?"

"Nina mayai. Lakini mayai yangu hayaliwi hivihivi. Kwanza unataja: litazama au litaelea? Ukipatia, ni lako. Onja tu. Mara ya kwanza ni bure."

Fisi akacheka, hii-hii-hii! "Bi mkubwa, mbona maneno hayo nayajua!"

"Basi hutapata tabu ya kujifunza."

"Haya. Litazama!"

Bi Nguchiro akaingiza mkono kikapuni. Miaka yote ile mkono wake ulikuwa umejua: yai zima ni zito, viza ni jepesi. Akatoa zito. Chubwi! Likazama. Fisi akalimeza pamoja na ganda.

"Litaelea!"

Akatoa jepesi. Likaelea. Fisi akalimeza vilevile, maana kwake viza nalo ni kitoweo.

"Litazama!" Chubwi! "Litaelea!" Likaelea. Kila alichotaja kikawa. Macho ya Fisi yakaanza kung'aa.

Ndipo Bi Nguchiro akafunika kikapu. "Basi, bwana Fisi, umekula. Mchukue mtoto uende zako."

"Mama!" Pandu akapiga ukelele.

Fisi akamtazama Tunu. Akatazama kikapu. Akamtazama tena Tunu, na tena kikapu.

"Mbona haraka hivyo? Moja tu tena."

"Umeshiba."

"Mimi? Leo nina bahati, bi mkubwa. Huoni? Moja tu!"

"Basi sasa si bure. Weka kitu."

Fisi akafungua mkia mmoja kiunoni. "Litazama!" Bi Nguchiro akatoa jepesi. Likaelea. Fisi akakunja uso, akaweka mkia wa pili. "Litaelea!" Chubwi! Likazama. Akaweka wa tatu, na huo Bi Nguchiro alimwachia ashinde, asije akachoka. Fisi akarukaruka, akaweka mikia yote kwa pamoja. Ikaenda. Akaweka kibuyu. Kikaenda. Sasa mate yalikuwa yanamtoka, na mkono wake ulikuwa unakwaruza ardhi.

"Namweka mtoto!" alinguruma. "Nikishinda, narudishiwa vyote, na mtoto namchukua."

"Na ukishindwa?"

"Sishindwi. Litaelea!"

Bi Nguchiro akaingiza mkono. Mayai yalibaki mawili. Akashika moja, akashika jingine, na mkono ukaanza kutetemeka. Mkono unaotetemeka haupimi. Yote mawili yalikuwa na uzito mmoja, au hayakuwa na uzito kabisa. Hila zilikuwa zimemwishia. Akachukua moja tu, basi, kama anavyochukua mcheza kamari yeyote.

Na yai lilipotoka mkononi, moyo wake ulipaa nalo, na ulikuwa mtamu. Alitaka kuona tu. Kwa muda wa yai kutoka mkononi hadi majini, alimsahau Tunu. Akamjua Pandu kuliko alivyowahi kumjua, na hakupenda alichokijua.

Chubwi!

Likazama.

"Moja tu tena!" Fisi alilia. "Nina masikio. Naweka masikio!"

"Nenda nayo kwako, utayahitaji."

Fisi aliondoka kinyumenyume, macho yakiwa bado kwenye kikapu, mpaka akajigonga kwenye mti.

Vijana wa msitu waliposikia walikuja mbio. Bi Nguchiro akampa kila mmoja mkia wake, lakini mkia uliokatwa haushiki tena. Mama Ngedere aliuviringisha wa mwanawe katika jani, akaondoka nao. Kisha Bi Nguchiro akakipiga kibuyu kwenye jiwe, pwaa! Akatoka mdudu mdogo kuliko punje ya mtama. Kwa kuwa ulikuwa mchana, hakuwa hata na mwanga.

"Ndiye huyu?" aliuliza mwana wa Ngedere.

"Ndiye."

Wakamtazama mpaka akaruka. Wakatawanyika.

Pandu hakuondoka. Alikuwa amechutama karibu na chungu. Bi Nguchiro alimpa Tunu amshike, akamshika kwa mkono mmoja, lakini macho yalikuwa kikapuni.

"Mama," alisema kwa sauti ya chini. "Hilo moja lililobaki. Unadhani litazama au litaelea?"

Bi Nguchiro akalitoa lile yai, akaligeuzia jiwe mgongo, akalirusha nyuma kati ya miguu yake, kama nguchiro wanavyovunja mayai tangu zamani. Pwaa! Hakugeuka kuangalia kama lilikuwa zima au viza, na alimshika Pandu kidevu ili naye asigeuke.

Siku hiyo walilala na njaa, maana mayai ya chunguni hakuna aliyetaka kuyagusa. Tangu hapo, kila asubuhi walikwenda pamoja kutafuta mayai, Pandu mbele, mama nyuma. Siku nyingine walifika mpaka jioni bila shida. Siku nyingine miguu ya Pandu ilimpeleka kwenye lile pango, ingawa lilikuwa tupu, Fisi amekwisha kulihama, na mama akageuka naye, akamfuata, akamrudisha.

Basi, wanangu, mafunzo ya ngano hii ni haya: kamari haina ubaya wowote, mradi mwenye kikapu awe mama yako. Na wewe ambaye mama yako hana kikapu, tafuta fisi aliyeshiba ucheze naye. Ukimpata, njoo uniite, nami nimwone.

Ngano nimeitua.

Tumeipokea.

Utamu wake ulambeni ninyi, uchungu wake niachieni mimi.