Fuawe ni ya Nani?

Mwenye masikio ayazibe kidogo, maana hadithi hii ina kelele.

Walikuwepo watatu mjini Nakuru. Odemba alijaliwa vidole: akikwaruza gitaa, wimbo unakuganda kichwani hata kama hukuutaka. Mutwiri, fundi wa mageti, alijaliwa mikono: akipiga ngoma, miguu yako inakutangulia. Kwamboka alijaliwa koo: msichana mwembamba, lakini akinguruma mbwa wa mtaa wanatafuta uvungu. Wakaunda bendi ya muziki wa chuma, ule wa makelele uitwao metal, wakaiita Fuawe, kama kile chuma ambacho mhunzi hufulia juu yake vyuma vingine. Nyundo huvunjika, fuawe hubaki.

Tamasha lao la kwanza, ukumbi ulijaa watu waliokuja kucheka.

Odemba akapiga gitaa. Waliokuja kucheka wakanyamaza.

Wimbo haujafika katikati umeme ukapotea, gitaa likafa, watu wakaanza kutoka. Mutwiri hakuacha kupiga. Waliofika mlangoni wakageuka.

Kwamboka naye akatupa kipaza sauti, akanguruma kwa koo tupu mpaka mabati yakaitika, na ukumbi mzima ukaimba naye mahadhi ya Odemba kwa mdundo wa Mutwiri.

Miaka imepita, na bado watoto wa shule wanachora FUAWE kwenye mabegi yao.

Juzi Kwamboka, mtoto mgongoni, aliingia karakana ya Mutwiri akakuta bango: Fuawe jukwaani tena, na picha ya mwimbaji si yake. Akalibandua, kwa sababu jina lile ndilo alilokuwa nalo kabla hajawa mama wa mtu, na likienda, yeye atabaki nani?

"Pumzika, Mama Kerubo," akasema Odemba, aliyekuwa ameketi humo na gitaa lake. "Lea kwanza."

"Tangu lini mimi Mama Kerubo kwako? Kwamboka amekufa?"

"Lakini watu wanaimba mahadhi yangu."

"Wangeyaimbia wapi, na walishafika mlangoni?" Mutwiri akamkata kauli.

"Na mimi siku ile nilikuwa nauza njugu?" Kwamboka akafoka.

Kerubo akaamka analia. Odemba akavuta nyuzi, wapi. Mutwiri akagonga pipa, ndiyo kwanza mtoto akazidisha. Mama yake akamngurumia, mtoto akapaliwa na kilio. Mara, bila kupatana, wote watatu wakajikuta ndani ya wimbo ule wa zamani, na mtoto akalala kabla haujaisha.

"Mmeona?" akasema Odemba. "Gitaa."

"Gitaa gani? Ngoma hiyo."

"Shhh. Mkimwamsha mtambeba nyinyi," akasema Kwamboka, na machozi ya hasira yanamlenga. "Nendeni popote, lakini jina naondoka nalo."

"Nani kasema? Naondoka nalo mimi," akasema Odemba.

"Mimi je?" akauliza Mutwiri.

Na bendi yenye kelele kuliko zote mjini ikagombana kwa kunong'ona mpaka ikavunjika.

Sasa enyi wasikilizaji, msiseme wagawane. Jina halikatwi vipande kama mkate. Je, ungekuwa wewe, Fuawe ungempa nani?