Jiwe Ambalo Hakuligusa

Hadithi hii nimeletewa na shemeji yangu leo asubuhi, nikaona si vyema niifungie kwenye simu yangu peke yangu. Isome hadi chini, kisha mpelekee yule mnayeshindana naye, awe wa kazini, wa sokoni au wa nyumba ya jirani.

Kwenye vilima vya mpakani, Tanzania inapotazamana na Malawi, palikuwa na mto mmoja. Wakati wa kiangazi maji yake yalipungua yakabaki vijito vyembamba, na sakafu yote ya mto ikawa mawe matupu. Lakini mawe yenyewe sasa! Yalikuwepo meupe kama mayai, mekundu kama matofali, ya kijivu yenye mistari kama ya pundamilia, na mengine makubwa kama nyumba, yamelainishwa na maji hata ukiyapapasa unadhani yamepakwa mafuta. Watu walitoka mbali kuja kuyaona. Walivua viatu, wakatembea juu yake wakicheka kama watoto, na kila mmoja alisema hajawahi kuona kitu kama hicho.

Katikati ya mto lilisimama jiwe moja refu, bapa kwa juu, ambalo wenyeji waliliita Meza. Kila mwaka, mvua zikikaribia, vijiji viwili vilivyotazamana vilifanya mashindano hapo. Kila kijiji kilitoa mkimbiaji mmoja. Filimbi ikilia, kila mmoja aliondoka ukingoni kwake akirukaruka juu ya mawe, na wa kwanza kuigusa Meza ndiye mshindi, naye alipanda juu yake ashangiliwe. Kijiji chake kilikaa na ngoma kubwa mwaka mzima. Ngoma hiyo ilikuwa na mlio wa kukutoa kitandani hata kama unaumwa, na harusi isiyokuwa nayo ilionekana kama kikao cha wazazi.

Upande wa Tanzania alikimbia Mwalimu Lwitiko Kibona, aliyefundisha hesabu katika shule ya msingi ya kijiji. Mwaka uliotangulia alikuwa amebakiza hatua chache tu kufika Meza, akateleza, akatumbukia kwenye kidimbwi mzima mzima. Aliyeshinda ni Gomezgani Msukwa, fundi baiskeli wa ng'ambo.

Jambo hilo lingesahaulika kama watu wa ng'ambo wasingetunga wimbo: "Mwalimu kaoga na viatu." Wimbo ukavuka mpaka bila pasipoti. Ukafika sokoni, ukafika kwenye foleni ya mashine ya kusaga, mwishowe ukafika darasani. Lwitiko akigeuka kuandika ubaoni, alisikia mtu anauimba puani.

Basi mwaka mzima Lwitiko alifanya mazoezi. Kila alfajiri alikuwa mtoni. Alijua jiwe lipi linatikisika na lipi lina utelezi. Alikimbia hadi usingizini. Mkewe, Tusekile, alilalamika kwamba anapigwa mateke.

Siku ya mashindano jua lilitoka kali na anga lilikuwa safi, isipokuwa milimani juu kabisa, mto utokako, ambako wingu jeusi lilikuwa limekaa tangu jana. Hakuna aliyelijali. Nani aangalie mlima siku kama ile? Kingo zote mbili zilijaa watu wa vitenge vya kila rangi. Wageni walikuja na magari wakapanga simu zao juu ya mawe kupiga picha. Walikuwepo wauza mihogo ya kuchoma, wauza ndizi, na vijana waliopanda juu ya miti ili waone vizuri. Ng'ambo waliileta ngoma kubwa ukingoni, wakaanza kuipiga kwa kuwaringishia wenzao. Upande wa Tanzania wakajibu kwa madebe na vigelegele. Kelele zile zilifanya kifua kitetemeke.

Tusekile alimfunga mumewe kamba za viatu, akakaza mafundo.

"Baba Subilaga," akamuuliza, "leo unakwenda kugusa jiwe au kumkomesha mtu?"

"Vyote viwili," akajibu Lwitiko, na macho yake yaling'aa.

Mwamuzi alikuwa Mama Nsekela, mama mnene mwenye sauti ya amri, aliyekubaliwa na vijiji vyote kwa sababu hakumpendelea mtu yeyote, hata watoto wake. Alikuwa ameshasimika kitambaa chekundu juu ya Meza. Akarudi ukingoni, akainua mkono.

Filimbi ikalia.

Lwitiko akaruka. Jiwe la kwanza, la pili, kushoto, kulia, juu ya lile jekundu, mbali na lile linalotikisika. Miguu yake ilijua njia kuliko macho. Upepo ulimpiga usoni, na alihisi furaha ambayo hajaisikia tangu utotoni, furaha ya mtu ambaye mwili wake unafanya kila anachouamrisha. Nyuma yake kijiji kizima kilipiga kelele, "Mwalimu! Mwalimu!"

Njia yake ilipita kando ya majabali makubwa yaliyokuwa kama ukuta upande wa juu wa mto. Asingeweza kuona chochote nyuma ya majabali hayo, wala hakuhitaji. Alitazama Meza tu.

Alipoinua macho, akamwona Gomezgani. Yule fundi alikuwa bado karibu na ukingo wake, amesimama juu ya jabali refu. Amesimama! Hakimbii. Ameweka mkono juu ya macho, anatazama upande milima iliko.

"Amechoka mapema hii?" Lwitiko akajiuliza, akaongeza mwendo.

Halafu Gomezgani akageuka na kuanza kupunga mikono yote miwili. Alikuwa anapaza sauti, mdomo umefunguka wazi, lakini ngoma ilimeza kila neno. Kisha akaruka kutoka kwenye lile jabali na kukimbia. Alikimbia kuliko mwaka jana, kama mtu anayefukuzwa na nyuki.

Moyo wa Lwitiko ukaruka. Kumbe hila! Alitaka nimwangalie yeye nipunguze mwendo!

"Safari hii hunipati!" akapiga kelele.

Wakakaribiana. Gomezgani alikuwa mwepesi ajabu. Alifika Meza kwanza. Lwitiko alimwona kwa macho yake akilipita lile jiwe, bega lake karibu liguse, na moyo ukamwanguka. Nimeshindwa tena. Wimbo mwingine unakuja.

Lakini Gomezgani hakuligusa.

Alilipita kama kitu kisicho na maana. Akaendelea kuja upande wa Lwitiko, akipunga mikono, na sasa sauti yake ilisikika kwa mbali katikati ya ngoma: "Rudi! Mwalimu, rudi!"

Mara akateleza. Mguu wake wa kulia ukazama katikati ya mawe mawili, ukanasa hapo, naye akaanguka kifudifudi.

Meza sasa ilikuwa wazi mbele ya Lwitiko. Hatua chache tu, na njia nyeupe. Nyuma yake watu walikuwa wamepagawa. "Panda! Panda, Mwalimu, panda!" Ng'ambo walikuwa wameshika vichwa, hawaamini kilichompata mtu wao.

Lwitiko akasimama juu ya mguu mmoja, kama mtu aliyesahau anakokwenda. Alimwangalia Gomezgani aliyelala pale kulia kwake. Huyu ndiye aliyenifanya nichekwe mwaka mzima. Na kama ni hila? Nikimwendea, si atachomoka na kuligusa?

Lakini kama ni hila, mbona hakuligusa alipolipita?

Swali hilo lilimkata miguu. Alikuwa mwalimu wa hesabu. Jibu lisilolingana na swali lilimsumbua siku zote. Akamtazama tena Gomezgani usoni, na akaona kwamba uso ule haukuwa wa mtu anayeshindana. Ulikuwa wa mtu aliyeogopa.

Akaipa Meza kisogo.

Ukingoni kwake watu waliguna kwa mshangao, kisha wakaanza kumzomea. Hakugeuka. Akamfikia Gomezgani, akapiga magoti.

"Vipi, bwana? Umevunjika?"

"Achana na mguu!" Gomezgani alihema. "Maji, Mwalimu! Maji yanakuja! Nimeyaona nyuma ya kona, ni ukuta mzima, yamebeba miti! Nilikuwa nakuambia urudi!"

Hapo ndipo Lwitiko aliposikia. Chini ya mlio wa ngoma palikuwa na mlio mwingine, mzito, usio na mapigo. Mawe yaliyokuwa chini ya magoti yake yalikuwa yanatetemeka.

Akaushika ule mguu akauvuta. Haukutoka. Akajaribu kulisukuma jiwe. Halikusogea.

"Nenda," Gomezgani akasema. "Una mke na watoto."

"Nyamaza kidogo."

Akaingiza vidole kwenye ule mwanya, akapapasa kamba za raba, akazifungua. Akazilegeza zote. Akamkumbatia Gomezgani kwapani na kumvuta kwa nguvu zake zote, mguu ukachomoka mtupu, unavuja damu, raba ikabaki mle ndani. Akamtupa mgongoni kama gunia la mahindi na kuanza kurudi kwenye ukingo wa Tanzania, njia ile ile aliyoijua hata akifumba macho.

Tusekile ndiye aliyekuwa wa kwanza kuelewa. Hakuuliza kitu. Alifungua kitenge chake cha juu, akamrushia mwenzake ncha moja, naye akafunga chake, na mwingine chake, hadi ikawa kamba ndefu ya vitenge. Wakateremka mawe ya ukingoni wameshikana mikono. Lwitiko alipofika karibu, maji ya kwanza yalikuwa yameshafika magotini mwake, ya rangi ya chai ya maziwa, yana nguvu za kutisha.

"Shika, Baba Subilaga! Shika!"

Akashika. Wakavutwa wote wawili, wakabwagwa kwenye majani ya ukingo kama samaki.

Ukuta wa maji ukapita. Ulikuja na magogo, matawi, na mawe yaliyogongana kwa sauti ya radi. Kila aliyekuwepo aliiona Meza ikizungukwa, kisha ikamezwa, na kitambaa chekundu kikapepea mara moja tu juu ya povu na kutoweka. Gogo kubwa likapita pale pale juu yake, mahali ambapo mshindi husimama akishangiliwa.

Ngoma ikanyamaza. Waliokuwa wakimzomea Lwitiko wakainamisha vichwa.

Lwitiko alikaa, meno yakigongana. Tusekile alikuwa anamfunga Gomezgani mguu kwa kipande cha kitenge.

"Ulikuwa karibu na kwenu," Lwitiko alimwambia. "Ulipoyaona maji, hatua chache tu ungekuwa nchi kavu."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini ulikuja katikati?"

Gomezgani alimshangaa, kama ameulizwa kwa nini watu hula. "Nilikupigia kelele hukusikia. Nikakupungia, ndiyo kwanza ukaongeza mbio. Sasa ningefanyaje?"

"Na Meza? Ulipita karibu nayo kabisa. Ungenyoosha kidole tu ungekuwa mshindi."

"Mwalimu, sikuiona hata hiyo Meza. Nilikuwa nakuangalia wewe."

Lwitiko alikamua maji kwenye suruali yake. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Mimi nilidhani unanifanyia hila."

"Hata mimi ningedhani hivyo," alisema Gomezgani, akaanza kucheka, na kicheko kikageuka kikohozi cha maji ya matope.

Ghafla wakasikia kilio. Kilitoka ng'ambo, kikali, cha wanawake wengi kwa pamoja. Watu wa kule walikuwa wamemwona mtu wao akianguka, halafu maji yakapita. Kwa umbali ule, na umati uliowazunguka hawa wawili, hawakujua kilichotokea baadaye. Mke wa Gomezgani alikuwa amejitupa chini, wenzake wanamshika asijirushe mtoni.

"Wanadhani nimekufa," Gomezgani alisema. Akajaribu kusimama, mguu ukakataa.

Lwitiko akapiga magoti mbele yake. "Panda."

"Wapi?"

"Mabegani. Panda, bwana, mkeo anateseka!"

Akampandisha. Akasimama naye, akapasua umati hadi kwenye jabali la juu kabisa la ukingo, akapanda naye huko juu ili dunia nzima imwone. Gomezgani akavua shati lake lililolowa, akalipunga hewani.

Ng'ambo vichwa vikainuka kimoja baada ya kingine. Halafu kikapasuka kigelegele kimoja, cha mkewe, kikafuatwa na vingine mia, vikavuka mto ule uliochafuka na kuufikia ukingo wa huku. Huku nao wakapokea. Mama Nsekela, ambaye hakuwahi kumpendelea mtu, alikuwa anaruka juu chini na filimbi mdomoni, anaipuliza bila mpangilio wowote, machozi yakimtiririka.

Lwitiko akaangua kicheko, na juu kule Gomezgani, akitikiswa, aliinama kidogo akasema, "Mwalimu, usicheke sana. Utaniangusha."

Funzo: Anayeshindana nawe si lazima awe adui yako. Huenda yeye ndiye aliyesimama mahali pa kuiona hatari usiyoiona wewe. Basi akikuambia "rudi", simama kwanza umsikilize, kabla hujasema anakuonea wivu.